Nilichokikuta Nyuma ya Sinia

Jumamosi, katikati ya Julai. Milanzi.

Upepo uliamka kabla yangu na bado haujalala. Nimefanya kazi nikiwa na sweta mbili, na vidole vilikuwa vigumu kiasi kwamba bisibisi iliniponyoka mara tatu. Kipupwe cha Ufipa hakina adabu kwa mafundi.

Nina hasira, na nimeamua kuandika nikiwa nayo. Deo, mdogo wangu aliye Mbeya, nilipompigia simu mchana alinikataza kuandika haya. Alisema, "Dada, usithubutu." Mtu aliyezaliwa akanikuta duniani anapaswa kujua neno hilo linanifanya nini.

Kwa mliofika hapa leo kwa mara ya kwanza, mimi ni Skola, fundi redio. Nina kibanda hapa Milanzi, ambako siku nyingi natengeneza chaja na sabufa za watu. Nikipata nafasi naandika humu juu ya redio za zamani, za nyumbani na za gari, ipi ilikuwa bora kweli na ipi ilikuwa jina tu. Na kwa wale mnaouliza kila wiki kama mume wangu ndiye anayeniandikia: sina mume, na makovu ya chuma cha kulehemu yako kwenye vidole vyangu mwenyewe.

Majina ya kampuni siyataji tena. Mara ya mwisho nilipoyataja mlitukanana kwenye maoni mpaka nikayafunga. Natumia majina ya nyumbani kwetu.

Sinia ni redio ya marehemu baba. Ni ile kubwa ya sebuleni, ya Kijapani, yenye uso wa fedha unaong'aa kama sinia la harusi, na spika mbili za mbao nzito. Baba aliinunua Mbala, ng'ambo ya mpaka, mwaka ambao maharage yalikubali, akaipakata magotini njia nzima mpaka nyumbani. Tofali ni redio ya gari ya kampuni nyingine kabisa, ya Kijapani pia, nyeusi, fupi, nzito, yenye vifundo viwili vya kuzungusha na vitufe vitano katikati.

Mwezi uliopita niliwapa orodha yangu. Sinia niliiweka ya kwanza. Yule Mholanzi wa mbao akawa wa pili, Mjerumani wa tatu. Tofali niliiweka mwisho, nikaandika kwamba ni redio ya kukimbia nayo, siyo ya kukaa nayo. Wengi mlinisifu kwa maneno hayo. Hayakuwa yangu, yalikuwa ya baba.

Na baba alikuwa akimwambia mtu mmoja tu, Mzee Maganga.

Mzee Maganga ni Mnyamwezi wa Tabora, dereva mstaafu, jirani yetu tangu nijue kutembea. Mnyamwezi na Mfipa ni watani, na watani hawadaiani heshima. Kila Jumapili alimsubiri baba atoke misa, yeye mwenyewe ni Mwislamu, ili tu wakae barazani wabishane juu ya redio. Baba alisema redio ya nyumba ndiyo redio, kwa sababu imetengenezwa na watu waliotulia kwa ajili ya watu waliotulia. Mzee Maganga alikuwa na Tofali kwenye pikapu yake. Alijibu kwamba redio iliyokula vumbi na mashimo ya barabara ya Tunduma kabla ya lami, na bado inaimba, ndiyo imefaulu mtihani. Ya sebuleni, alisema, haijawahi hata kufanya mtihani.

Miaka yote nilikuwa upande wa baba. Sinia ndiyo ilikuwa kipimo changu. Kila redio mliyonisoma nikiisifu au kuiponda humu, nilikuwa nimeisikiliza kwanza, kisha nikaenda nyumbani kusikiliza Sinia, kisha nikahukumu.

Sasa Deo amejenga Mbeya, ana sebule kubwa, na anaitaka Sinia kama kumbukumbu ya baba. Sikukataa. Ameshawaambia wenzake wa ofisini kwamba anayo redio ya Kijapani ambayo haijawahi kufunguliwa. Aliniomba niipanguse tu na kuangalia spika ya kushoto, ambayo kila kipupwe hukatika sauti. Enzi za baba dawa yake ilikuwa kofi moja ubavuni. Safari hii kofi halikusaidia.

Kwa hiyo leo asubuhi nilifanya jambo ambalo baba hakumruhusu mtu kulifanya, hata mimi fundi. Kifuniko cha nyuma alikuwa amekifunga kwa waya, akausokota kwa koleo mpaka ukawa fundo moja la kutu. Nikaukata.

Ndani ya Sinia hamna Sinia.

Sijui niseme vipi vizuri zaidi. Ubao wa umeme umetolewa. Transfoma imetolewa. Katikati, juu ya kipande cha mbao, imefungwa redio ya gari. Nyeusi, fupi, nzito. Kifundo chake cha kushoto kimeunganishwa na kile cha sauti cha Sinia, cha kulia na kile cha kutafutia stesheni. Waya zimefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli, kama madereva wanavyofunga. Kitufe chake cha tatu hakipo, na mahali pake pamechomekwa kifungo cha kaunda suti, cha rangi ya ugoro.

Kifungo kile nakijua. Nilipokuwa nasoma bweni Kaengesa, Mzee Maganga alikuwa akinipeleka na pikapu yake shule zinapofunguliwa, mimi mbele, gunia langu nyuma. Nilikuwa nakibonyeza njia nzima. Aliniambia kimetoka kwenye suti aliyoivaa siku ya kuoa.

Hiyo ni Tofali. Na siyo Tofali yoyote, ni ile yake.

Basi nikaanza kukumbuka, na kumbukumbu zilikuja kwa kusukumana. Nilikuwa kidato cha pili. Nilirudi likizo nikaambiwa umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na balbu zote za mtaa wetu zikaungua. Sinia je? Sinia iko salama, alisema baba. Ila kuanzia likizo ile chini ya meza yake kulikuwa na betri ya gari. Baba alieleza kwamba mashine ya Kijapani haipatani na umeme wa mjini, inapenda betri. Sehemu ya kaseti nayo haikufanya kazi tena, akasema kaseti zinamchosha kichwa. Shule zilipofunguliwa Mzee Maganga akanipeleka Kaengesa, na mbele ya pikapu, pale palipokuwa na redio, palikuwa na tundu. Alisema imeibiwa safarini. Njia nzima akaimba mwenyewe, vibaya, na alipofika kwenye mlima akaimba kwa sauti zaidi.

Miaka yote baada ya hapo aliendelea kuja kila Jumapili kuisifu redio ambayo alisema hana. Baba naye aliendelea kuiponda huku akiisikiliza.

Sasa yanakuja maungamo, kwa sababu siwezi kuwavua wengine nikabaki na koti langu.

La kwanza. Mimi ni fundi. Mteja angeniletea redio ya sebuleni ya umeme wa ukutani, inayowaka kwa betri ya gari, ningemuuliza swali moja tu na mchezo ungeishia hapo. Kwa baba sikuuliza. Badala yake nikaandika humu makala nzima kwamba Sinia ikipewa betri sauti yake husafika. Ndugu mmoja wa Kaoze akaniamini. Akachukua Sinia yake, akaihangaikia na betri siku nzima, haikuwaka, akaniandikia. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba basi yake siyo halisi. Ndugu yangu wa Kaoze, kama bado unanisoma, naomba radhi. Yako ndiyo halisi.

La pili linauma zaidi. Sinia ina kifundo cha besi. Baba alikuwa akikishika kwa vidole viwili, anakizungusha kidogo sana, anafumba macho na kutuuliza, "Mmesikia?" Tulisikia. Nami nilisikia, tena nikaandika kwamba hakuna kifundo cha besi chenye mkono mwepesi kama kile katika redio zote nilizowahi kushika.

Kifundo hicho hakijaunganishwa na kitu chochote. Nimekizungusha leo mbele nikiwa natazama kwa nyuma. Kinazunguka hewani.

Kwa hiyo chekeni, ruhusa mnayo. Lakini mkimaliza mnisikilize. Wapo watakaosema sasa kwamba masikio ya Skola hayafai. Masikio yangu yalidanganywa na mapenzi, na nani kati yenu hajawahi kusikia utamu usiokuwepo kwa sababu ya mtu aliyekuwa akimwuliza kama ameusikia? Kuhusu sauti yenyewe sikukosea. Niliposema hii ndiyo redio bora niliyoisikia, ilikuwa ndiyo redio bora niliyoisikia. Nilikosea jina lake tu.

Nilimpigia Deo saa sita nikidhani atacheka. Hakucheka. Alianza kuongea kiofisi. Alisema nirudishe kifuniko, nifunge kwa waya mwingine, tena nitafute wenye kutu, na nisiandike neno. Alisema nikiandika namvua baba nguo mbele ya watu, maana watasema Mzee aliishi na uongo mezani. Alisema wenzake watamwona tapeli.

Nilimwambia hilo la wenzake ni lake. La baba likanikaa kifuani, sitadanganya. Baba alikuwa mtu wa majivuno. Alikuwa na shamba dogo na viatu jozi moja, na kitu kimoja tu ambacho watu wa mtaa huu walikuja kukitazama. Naweza kuelewa kwa nini hakuweza kusema kimeungua. Nimekaa na swali hilo saa nzima, chai ikapoa: je, naruhusiwa kusema kitu ambacho baba alikifunga kwa waya?

Halafu nikakumbuka msiba wake.

Kwenye misiba yetu watani wana ruhusa zao. Siku ya kumzika baba, Mzee Maganga aliingia ndani, akaibeba Sinia mpaka uani, akaikalia. Akatangaza kwamba Mfipa huyu haendi popote, na hii redio anaichukua yeye kufidia miaka ya kelele. Watu walicheka huku wanalia. Kwa mila angeweza kuondoka nayo kweli na hakuna ambaye angemlaumu. Ikabidi tuikomboe. Alitaka kuku mmoja. Akapewa, akasimama, akapangusa ile redio kwa kanzu yake na kusema kwamba mtu yeyote akiifungua, yeye atarudi kuichukua. Tulidhani ni utani.

Redio ilikuwa yake. Alikuwa ameikalia iliyo yake, mbele ya mtaa mzima, na akaondoka na kuku.

Nikanyanyuka. Nilikuwa nimeshauona waya wa spika ulioleta shida. Nikaukaza, nikaifungua Tofali kutoka kwenye mbao yake, nikaifunga ndani ya kitenge na kwenda kwake. Ilikuwa saa kumi, upepo ukipeperusha vumbi la uwanja usoni. Alikuwa amekaa ndani ya pikapu yake, mlango wazi, akiota jua lililobaki. Pikapu hiyo haijatembea muda mrefu, lakini bado anaikalia kama ofisi.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, "Marahaba, binti wa Mfipa. Mmekula panya leo au mmeshindia ugali mtupu?" Hiyo ndiyo salamu yake kwangu tangu utoto. Nami nina jibu langu, ambalo halifai kuandikwa. Leo sikulitoa. Nilifungua kitenge, nikamwonyesha.

Aliitazama. Hakuigusa.

"Hii nini?"

"Redio yako, mzee. Nimekuja kuirudisha mahali pake."

"Redio yangu iliibiwa. Mtaa mzima unajua." Akaweka kiganja juu ya lile tundu la mbele ya gari. Ndani yake mlikuwa na miwani, kopo la ugoro na tasbihi. "Tena hapa hakuna nafasi. Miwani yangu ilale wapi?"

Nilimwuliza kwa nini alifanya vile. Sikuzunguka. Nilimwambia nimeona kifungo, nimeona mpira wa baiskeli, nimeona kila kitu. Akasema haelewi ninachosema, kwamba sisi Wafipa kipupwe kikifika akili zinatuganda, na kwamba redio ya baba yangu ilikuwa takataka tangu siku iliyovuka mpaka. Alisema hivyo bila kuniangalia. Mzee huyu amenibishia maisha yangu yote akiniangalia machoni.

Nikakata tamaa. Nikaanza kuifunga Tofali kwenye kitenge. Ndipo aliposema, akitazama mbele kwenye kioo, kama anayeongea na barabara:

"Ule waya wa kushoto umeukaza? Ulikuwa unalegea kila kipupwe. Nilimwambia asiwe anapiga kofi."

Mimi sikuwa nimemwambia ni upande gani.

Nikasema nimeukaza. Akaitikia kwa kichwa, sawa. Nikamweleza kuhusu Deo, na kwamba nataka kuandika, na kwamba nikikatazwa na yeye nitaacha. Yeye tu, siyo mwingine. Akavuta ugoro kidogo, akapiga chafya, akajipangusa.

"Andika," alisema. "Andika kwamba Wafipa hawajui redio."

Nimeandika.

Deo, najua utasoma hapa kabla ya wote. Simvui baba nguo. Naonyesha ni nani aliyemvika. Baba alikuwa na rafiki aliyeng'oa redio ya gari lake mwenyewe ili mtani wake asiaibike, akaendesha kwa miaka akiimba peke yake, halafu kila Jumapili akaja kushindwa mabishano kwa makusudi. Wangapi ofisini kwako wana mtu kama huyo? Wewe unataka sebule yenye redio ambayo haijafunguliwa. Mimi nimefungua, na baba nimemwona mkubwa kuliko jana. Umesema nikichapisha haya huichukui tena. Basi ibaki hapa. Nimeshairudisha Tofali ndani yake, na inaimba sasa hivi nikiandika, kushoto na kulia.

Waya wa kufungia kifuniko sikuurudisha. Nimeweka skrubu nne, ambazo mtu yeyote anaweza kuzifungua.

Na orodha yangu naibadilisha, kwa mkono uleule ulioiandika. Tofali ya kwanza. Wenye Sinia mninunie mkitaka. Moyo wa redio ile ni wa gari, uliokula vumbi la Tunduma kwanza, kisha ukakaa sebuleni miaka yote hiyo bila kubadilishwa hata waya mmoja, ukinyimwa jina lake na kupewa la mwingine. Sitaificha tena mkiani. Spika za mbao ni za Sinia, na ni nzuri, hilo nalitamka. Lakini mbao haziimbi zenyewe. Sinia inashuka ya pili. Mholanzi na Mjerumani wasogee.

Kifundo cha besi sitakiunganisha. Nimefikiria, ni kazi ya nusu saa tu. Kikae hivyohivyo, kizunguke hewani, na mgeni akija nitakishika kwa vidole viwili na kumwuliza kama amesikia.

Kesho ni Jumapili. Nikitoka misa nitamkuta Mzee Maganga barazani, keshakalia kiti cha baba, ataniambia kwamba redio ya gari ndiyo redio. Humu nimeandika ukweli na siufuti. Lakini pale barazani nitavuta kigoda, nitamwangalia machoni, na nitambishia mpaka jua lizame kwamba Sinia ndiyo bora na Tofali yake si kitu. Amebishana peke yake tangu tumzike baba. Mfipa mmoja lazima ambishie.